Skuta Iliyojishusha Yenyewe

Yule mama alichovya kidole ndani ya gunia, akakipeleka puani, akakipangusa kwenye kitenge chake. Akasogea kwenye gunia la pili, akafanya vilevile, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Hakupiga kelele. Halafu alinitazama mimi, si shoferi.

"Sasa bunga yangu inanuka esanse. Nani atakula bukari ya iyi?" (Kwetu bunga ni unga, esanse ni petroli, bukari ni ugali.)

Tulikuwa tumeshapita Kapolowe, kwenye barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, kusini-mashariki mwa Kongo, pikapu imeegeshwa pembeni. Malori ya katodi za shaba yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Kolwezi, na kila moja likipita, upepo wake uliitikisa pikapu pamoja na sisi tulioishikilia. Nyuma, juu ya magunia ya unga, skuta ya mama mdogo wangu ilikuwa imelala ubavu wa kushoto. Kioo kimoja kimevunjika. Petroli ilikuwa inavuja kwenye kifuniko cha tanki tone kwa tone, bila haraka, kama bomba la mtaani.

Nikafungua mdomo nikasema sentensi moja ambayo imenikaa kooni majuma kadhaa sasa.

Nitaifikia.

Kichuguu

Mama mdogo anafundisha shule huko Likasi, komine ya Kikula. Zamu yake ya likelemba, ule mchango wa pesa wa kupokezana, ilipofika alinipigia simu: nimtafutie moto, lakini isiwe ya vitesi, yaani gia, awe anakaa tu kama kwenye kiti na kitenge chake kisipate taabu. Maana yake skuta. (Kwetu pikipiki ni moto. Mtanzania akisikia "nimepakia moto nyuma ya pikapu, pamoja na unga" ataita zimamoto. Siku ile hangekuwa mbali sana na ukweli.)

Niliipata kwa mtu aliyekuwa anahama, injini ya cc 125, bado nzuri. Kuiendesha mwenyewe kilomita 120 nilikataa mapema. Magurudumu ya inchi 10 yanafaa kwenda sokoni na kurudi. Shimo ambalo lori halilisikii ndilo litakalokutupa wewe mwenye gurudumu la ukubwa wa sahani. Na barabara ile ni ya malori. Sisi wengine tunapita kwa hisani yao.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye pikapu ya kabini moja, anayepeleka unga Likasi karibu kila juma. Tulikutana alfajiri, mwezi wa 6, katika baridi ile ya Lubumbashi ambayo watu wa Kinshasa hawaiamini mpaka waje bila koti. Magunia ya mama mmoja mfanyabiashara yalikuwa yameshapangwa. Mwenyewe alikuwa ameketi mbele, amejifunika kitenge mpaka puani.

Skuta ya aina hii ina kilo 110 hivi, na sakafu ya pikapu inakaribia kiuno cha mtu. Ubao mfupi unageuka mlima. Tena skuta ina tatizo lisiloisumbua sana moto ya kawaida: tumbo lake liko chini. Gurudumu la mbele likishaingia, tumbo linakalia ukingo wa pikapu, nanyi mko wanne mmeshikilia kitu kisichokwenda mbele wala kurudi. Shoferi hakutaka hata kuujaribu ubao wangu kutoka chini. Alirudisha gari nyuma hadi kwenye kichuguu.

Wa Lubumbashi mnajua ninachosema. Vichuguu vyetu si vya kuruka kwa mguu. Ni vilima vya mita kadhaa, na wafyatua matofali wanavikata polepole kwa sababu udongo wake unashikana vizuri, mpaka kinabaki kitu kama ngazi ya jitu. Kile cha karibu na kwetu kilikuwa kimekatwa hadi kimo cha pikapu kabisa. Ubao ukalazwa kama daraja, skuta ikasukumwa na mtu mmoja, ikaingia kama inaingia sebuleni. Sijawahi kuona upakiaji mwepesi kama ule.

Labda ndiyo maana nilijiamini.

Stendi kubwa

Magunia yalikuwa mbele, yameegemea kabini, na mengine upande wa kushoto. Nafasi ya skuta ilibaki kulia, kwa nyuma. Nikaiweka juu ya stendi yake kubwa, ile ya katikati, uso ukitazama mbele. Nikaacha nafasi ya viganja viwili kati ya gurudumu na magunia, tairi lisichafue unga wa mtu. Heshima, mnaona. Kisha nikachukua mipira, ile tunayokata kutoka chemba kuukuu za matairi, nikafunga mkono wa kulia wa usukani, nikafunga wa kushoto, nikapitisha mmoja juu ya kiti. Nikaitikisa. Ilisimama kama sanamu.

Shoferi alikuja kuangalia, mikono mfukoni.

"Papa, hapana kuamini ile stendi. Tutoshe bunga ya mbele, tuisukume mpaka igonge kabini, isimame ku matairi yake."

Magunia ya mbele ya kuondoa yalikuwa kumi na mawili. Nilikuwa natetemeka kwa baridi.

"Papa shoferi, uniachie. Miye nimeshabeba moto."

Ilikuwa kweli. Mara moja. TVS ya rafiki yangu, tukaipeleka Kasumbalesa, imetiwa vitesi ya kwanza na jiwe chini ya tairi, ikafika bila mkwaruzo.

"Ile ilikuwa ya vitesi," akasema. "Iyi haina."

Nikadhani ananifundisha majina ya vitu. Yeye akaingia, akawasha gari.

Niliyosema

Safari yenyewe haina habari. Vumbi, peaji ya kulipia barabara, magunia ya makala, yaani mkaa, yamepangwa kandokando ya vijiji, mama wa unga anasinzia katikati yetu. Baada ya Kapolowe lori lililokuwa mbele lilipunguza mwendo ghafla, shoferi akakanyaga breki. Nyuma pakasikika kishindo, wala si kikubwa. Kama mtu mnene aliyechoka anayejitupa juu ya magunia.

Halafu harufu.

Mengine nimeshayasimulia. Yule mama alinusa kidole, akaniuliza nani atakula. Nikajibu:

"Mama, uliza papa shoferi. Ni yeye amefunga breki vile."

Ndiyo hiyo.

Shoferi alikuwa amepanda nyuma, anafungua mipira yangu. Alisikia. Hakusema "nilikuambia." Hakusema chochote. Alishuka, akatoa kamba yake nyuma ya kiti, tukainyanyua skuta pamoja, akaifunga upya peke yake, nami nimesimama kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni. Hadi Likasi hakuna aliyefungua mdomo, na yule mama alikuwa palepale katikati, bega lake moja kwangu, la pili kwa shoferi.

Mama mdogo alifurahi hata kioo kilichovunjika hakukiona. Akataka kuiwasha hapohapo uani. Ikatoa moshi wa buluu, mwingi, watoto wakashangilia.

"Sasa ni nini?"

"Ni mafuta mapya, mama. Itaisha."

Skuta iliyolala ubavu, oili ya injini huweza kutambaa ikaingia kwenye kichujio cha hewa na hata kwenye silinda. Inatakiwa isimamishwe wima, ipumzike, uangalie oili na kichujio, ndipo uiwashe. Hilo nilikuwa nalijua. Lakini kulisema ningelazimika kusema pia kwamba ililala, na kwa nini ililala.

Tumbo la jirani

Majuma mawili ya kwanza nilikuwa na kesi kichwani, na mimi ndiye wakili. Shoferi alikuwa amelikaribia lori mno. Hoja hiyo sijaifuta hata leo: alikuwa amelikaribia mno. Nikiwa naoga, nilishinda kesi. Nikiketi mbele ya bukari, nikaimega, nikaipeleka mdomoni, nilishindwa.

Nilikwenda mbali zaidi. Nilijiambia kwamba petroli inaruka hewani, kwamba ukiuanika unga harufu inaisha, kwamba wafanyabiashara huongeza chumvi. Mtu akitaka kujitetea hakosi sayansi.

Kilichonivunja ni jirani yangu. Ana skuta ndogo, anaiegesha ukutani kwetu, na kila asubuhi anaishusha kwenye stendi kubwa. Nimemwona mara mia. Asubuhi moja nilikuwa nasugua meno nje, nikamwangalia kweli. Hakuinyanyua. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaweka tumbo nyuma ya kiti, akasukuma mbele. Kidogo tu. Stendi ikakunjika, skuta ikatua, ikatembea.

Mswaki ulibaki mdomoni.

Stendi ile imetengenezwa ikunjike hivyo. Ukisukuma nyuma, inang'ang'ania. Ukisukuma mbele, inaachia. Nami niliipanga uso mbele, nikaacha viganja viwili vya nafasi. Pikapu ilipofunga breki, gari lilisimama, skuta ikaendelea na safari yake. Hakuna aliyeiangusha. Ilijishusha yenyewe kwenye stendi, kama inavyoshushwa kila asubuhi na tumbo la jirani.

Na ile nafasi niliiacha kwa ajili ya unga.

Kinachoishika

Hapo ndipo neno la shoferi lilinirudia: iyi haina vitesi.

Moto ya kawaida ukiizima ikiwa na vitesi ya kwanza, gurudumu la nyuma linabaki limeungana na injini kwa mnyororo. Ukiisukuma, unalazimisha pistoni ipande dhidi ya hewa iliyofungiwa, nayo inakataa. Ndiyo maana TVS ya rafiki yangu ilifika. Si ufundi wangu ulioifikisha, ni injini iliyokuwa imelala imeuma meno.

Skuta haina meno hayo. Kati ya injini na gurudumu pana mkanda na klachi inayoshika tu pale injini inapozunguka kwa kasi. Ukizima, klachi inaachia kabisa, na gurudumu la nyuma linazunguka bure kama la toroli.

Kwa hiyo nilikuwa nimepakia kitu kisichoshikwa na chochote, juu ya stendi inayotoka kwa kusukumwa mbele, ndani ya gari ambalo litasukuma kila kitu mbele. Halafu nikaongeza mipira. Mpira wa chemba kazi yake ni kunyooka! Skuta iliposogea, mipira ilinyooka ikaikubalia. Ilipoanza kuinama kushoto, ikaikubalia pia.

Nilipoitikisa uani ikasimama kama sanamu, nilikuwa naitikisa kushoto na kulia. Hakuna barabara inayotikisa hivyo tu.

Mara ya pili

Mwezi wa 7 mama mdogo alipiga simu. Skuta inavuta kushoto. Fundi wa Likasi ameifungua, anasema shingo ya usukani imepinda kidogo na kifaa chake kinapatikana Lubumbashi. "Sijui ni barabara za kwetu," akasema. Nilinyamaza hadi akadhani mtandao umekatika.

"Mama, si barabara."

Nikamwambia yote, na moshi pia. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: yule mwenye unga ilikuwaje? Sikuwa na jibu. Nikasema nitakuja kuichukua skuta.

Shoferi niliyempigia ni yuleyule. Ningeweza kutafuta mwingine. Nilikaa na simu mkononi jioni nzima nikiwafikiria wengine.

Alikubali kama hakuna kilichotokea. Pale Likasi hakuna kichuguu karibu na nyumbani kwa mama mdogo, basi aliingiza magurudumu ya nyuma ya pikapu mtaroni, sakafu ikashuka, na ubao ukawa mlima mdogo tu. Nikapanda. Nikauliza, "Papa, naweka wapi?"

Hakunihutubia. Alionyesha kwa kidole, nami nikafanya.

Gurudumu la mbele hadi kwenye ukuta wa kabini, tairi kuukuu katikati ili chuma kisigongane na chuma. Stendi juu, skuta inasimama ku matairi yake. Mikanda miwili ya mbele haikushika mikono ya usukani. Aliipitisha chini, kwenye shingo ya chuma ndani ya plastiki, akaivuta mbele na chini, mmoja kila upande, hadi springi za mbele zikazama karibu nusu.

Hapo nikamsimamisha. Mbona unaikandamiza hivyo?

"Ikipata shimo itazama yenyewe," akasema. "Ikizama, mukanda unalegea. Ukilegea, ndoano inatoka. Miye nimeizamisha mbele ya shimo kufika."

Nilikaa kitako kwenye ukingo wa pikapu. Mkanda unaweza kulegea njiani bila kukatika, bila fundo kufunguka, kwa sababu tu kile ulichokifunga kimepungua kimo kwa vidole vitatu. Na hata hiyo ina kipimo, maana alinikataza kuvuta zaidi: springi ikikandamizwa hadi mwisho, sili za mafuta zinapasuka. Mikanda miwili ya nyuma ikashika chuma cha kubebea mizigo, kila mmoja upande wake. Mwisho kabisa akaomba mpira wangu wa chemba. Nikampa. Akabana nao mkono wa breki ya nyuma, akauzungusha mara nne.

"Iyi ndiyo vitesi yake."

Baada ya kilomita kumi hivi alisimama bila kuulizwa, akashuka, akagusa kila mkanda. Mmoja ulikuwa umelegea. Akaukaza, tukaendelea.

Gunia moja

Nilimwambia baada ya Kapolowe. Sikupachagua, ndipo maneno yalipotoka.

"Papa, ile siku nilisema vibaya. Ile bunga ilikuwa juu yangu."

"Ile bunga?" Alikuwa anatazama barabara. "Nilimulipa."

"Ulimlipa nani?"

"Yule mama. Gunia moja. Ni mutu wangu wa kila juma."

Alisema kama mtu anayetaja bei ya esanse. Safari aliyonibebea mimi skuta, kumbe ilimgharimu kuliko nilichomlipa. Nilitoa pesa palepale, nikahesabu bei ya gunia. Akaziangalia kwa pembe ya jicho.

"Yenye bei ya siku ile, ao ya leo?"

Bei ya unga ilikuwa imepanda. Nikaongeza.

"Na gunia la pili?" nikauliza. Lile lililonuka tu bila kulowa.

Hilo hajui. Yule mama hakulidai. "Anapanda na miye kila siku ya mbili. Umuulize."

Jumanne iliyofuata nilienda saa kumi na moja alfajiri, skuta iko kwa fundi, sina mzigo wowote. Wafyatua matofali wamekimega kichuguu kile. Ile ngazi haipo tena, pamebaki shimo lenye maji machafu. Pikapu ilikuwa inapakiwa. Mama alikuwa amesimama anahesabu magunia kwa mdomo. Akaniona, akaangalia nyuma yangu, kushoto, kulia.

"Leo hauna moto?"

"Sina, mama."

Nikampa pesa kwa mikono miwili, nikamweleza za nini. Akazihesabu, akazikunja, akaziingiza ndani ya kitenge.

"Ile ya pili tulikula ku nyumba. Nilianika siku tatu."

"Harufu iliisha?"

"Haikuisha," akasema, akapanda mbele.